Shabaha na Mshabaha: Ufundi wa Vitu Vipigwavyo kwa Leza Katika Maabara za Elimu ya Nyota

Neno shabaha limezoeleka kwa maana ya kitu kilengwacho na mpigaji: alama ya mviringo ubaoni, ndege juu ya tawi, au, kwa maana ya mbali zaidi, kusudi la mtu katika shughuli yake. Katika maana hizo zote aliyeifanya shabaha hatajwi. Alama ya ubaoni huchorwa na mtu yeyote kwa kipande cha makaa. Sifa humwendea mwenye bunduki. Lakini iko kazi moja ya siku hizi ambamo mambo yamegeuka. Mpigaji ni mashine yenye ukubwa wa jengo, ambayo kulenga kwake kumekwisha kuwa jambo la hesabu, na ustadi unaotafutwa kwa taabu umo katika shabaha yenyewe. Kazi hiyo ni ile ya majaribio ya elimu ya nyota yafanywayo maabarani kwa leza zenye nguvu nyingi. Makala haya yaeleza jinsi shabaha hizo zinavyofanyizwa, na kwa kuwa wasomaji wake ni watu wa lugha, yatazama pia ni maneno gani ya Kiswahili yaliyo tayari kuichukua habari hiyo, na ni yapi yanayoelemewa nayo.

Leza ya kwanza ilitoa mwali wake mwaka 1960 huko Malibu, California, kutoka katika fimbo ya yakuti nyekundu iliyotengenezwa na Theodore Maiman. Tangu hapo mashine hizi zimekua kwa namna ambayo hapana aliyeitazamia. Ile iitwayo OMEGA, katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York, imekuwa ikifanya kazi tangu 1995 na ina miali 60. Ile ya National Ignition Facility huko Livermore, California, ambayo kwa kifupi huitwa NIF, ilikamilika mwaka 2009. Ina miali 192, na yote hukutana katikati ya chumba cha duara chenye kipenyo cha mita 10. Nishati ya mashine hizi si kubwa kwa kipimo cha jikoni. Jouli 5,000, ambazo zatosha kwa jaribio la namna itakayoelezwa hapa chini, zingeweza kuyapandisha maji robo lita digrii tano tu hivi za joto. Siri yake ni ufupi wa wakati na udogo wa mahali. Nishati hiyo hutolewa kwa nanosekunde moja, muda ambao mwanga wenyewe, ulio mwepesi kuliko vyote, hupata kusafiri sentimita 30 tu. Nayo huangukia mahali penye upana usiozidi milimita moja. Kitu kilichopo mahali hapo hakina nafasi ya kuyeyuka wala kuchemka kwa utaratibu. Uso wake hugeuka mara moja kuwa plazima, yaani gesi ambayo atomi zake zimevuliwa elektroni, na plazima hiyo ikirukia nyuma huisukuma maada iliyobaki mbele kwa kanieneo ya mamilioni ya mara kuliko hewa tuivutayo.

Jambo lililowafanya wanafalaki wazitamani mashine hizi ni hili. Tarehe 23 Februari 1987 mwanga wa nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan ulifika duniani baada ya kusafiri zaidi ya miaka 160,000. Mlipuko huo, uitwao katika daftari zao 1987A, ulikuwa wa karibu kuliko yote iliyoonekana kwa muda wa karne karibu nne. Nyota ya namna hiyo ilidhaniwa imepangika kama kitunguu, maada nzito ndani na nyepesi nje, ganda juu ya ganda. Kwa hesabu za wakati ule, maada ya kati, itoayo miali mikali, ingalijificha chini ya maganda ya nje kwa muda wa mwaka hivi. Haikuwa hivyo. Eksirei zake zilipokewa na vyombo vya angani mnamo Agosti ya mwaka ule ule, miezi sita tu baada ya mlipuko. Kitunguu kilikuwa kimevurugika. Cha ndani kilikuwa kimetoka nje mapema.

Namna ya kuvurugika huko yajulikana, angalau kwa jumla. Maji yakiwekwa juu ya mafuta yaweza kukaa kitambo, ikiwa mpaka baina yao ni sawasawa kabisa. Ikiwapo kasoro yoyote katika mpaka huo, hata ya upana wa unywele, maji hapo huteremka kama kidole na mafuta hupanda kama kiputo, na kadiri vinavyokwenda ndivyo vinavyozidi mbio. Lord Rayleigh aliliandikia hesabu jambo hili katika karne ya 19, na G. I. Taylor akaliendeleza mwaka 1950, ndiyo sababu huitwa kwa majina yao yote mawili. Katika nyota inayolipuka hakuna maji juu ya mafuta, lakini liko ganda zito linalokimbilia nje na kuzuiwa na ganda jepesi lililo mbele yake. Na kule kupunguziwa mwendo hufanya kazi ya uzito, kama abiria watupwavyo mbele gari lipigapo breki. Swali lililobaki ni la kiasi: vidole hivyo hukua upesi namna gani, na vyaweza kuitoboa nyota kutoka ndani hadi nje kwa wakati ule uliopimwa?

Hapana awezaye kuilipua nyota ili ajibu. Lakini mwaka 1999 Dmitri Ryutov na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba vitu viwili vyenye ukubwa wa mbali kabisa, kimoja nyota na kimoja punje, vyaweza kutii mlinganyo ule ule wa mwendo, ikiwa masharti kadhaa yametimia: kwamba unato wa maada hauna nguvu ya kutajika, kwamba joto halipenyi upesi kuliko maada inavyokwenda, kwamba mnururisho hauondoki na nishati nyingi, na kwamba uwiano fulani wa mwendo, uzito wa ujazo na kanieneo ni sawa katika pande zote mbili. Yakitimia hayo, mikromita mia moja za maabarani zasimama badala ya mamia ya maelfu ya kilomita za nyota, na nanosekunde kumi au ishirini badala ya maelfu ya sekunde. Majaribio ya kwanza ya namna hii yalikwisha kufanywa Livermore katika miaka ya 1990 kwa leza iliyoitwa Nova.

Hapa lugha yatoa msaada usioombwa. Sauti za shabaha, yaani sh, b na h, ndizo zile zile za kitenzi shabihi na nomino mshabaha, na mshabaha si sawa na mfano. Mfano wa jahazi wafanywao na watoto hulandana na jahazi kwa umbo: una tanga, una mlingoti, una usukani, lakini haukabiliani na bahari kama jahazi likabilivyo. Kitu kinachoelezwa hapa ni kinyume chake. Kwa umbo hakilandani na nyota hata kidogo. Ni kijirija cha plastiki kilichobandikwa kisahani. Kwa mwenendo chashabihi nyota. Kwa hiyo mtu akisema kuwa shabaha hizi ni mifano ya nyota amekosea, ijapokuwa ndivyo inavyoandikwa mara nyingi katika magazeti. Na akisema kuwa ziko katika mshabaha na nyota, amesema kweli tupu na amesema kwa Kiswahili kisichohitaji kutengenezewa istilahi mpya. Ni bahati, bila shaka, si dalili ya kwamba wazee walijua habari za leza. Lakini bahati ya namna hii yafaa kuokotwa.

Yafaa sasa shabaha moja ielezwe sehemu kwa sehemu, nayo ni ile iliyotumiwa OMEGA katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Michigan yaliyohusu mlipuko wa 1987A. Kwanza kipo kisahani cha plastiki ngumu iitwayo poliimidi, unene wake mikromita 150, upana wake chini kidogo ya milimita moja. Uso wake mmoja ni sawasawa, na huo ndio upigwao na miali kumi ya leza. Uso wa pili umechongwa viwimbi, mfano wa mchanga wa ufukweni maji yakipwa: kutoka kilele hadi kilele mikromita 71, na kimo cha wimbi kutoka mstari wa kati mikromita mbili na nusu. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita kati ya 70 na 100 kwa watu wengi, basi wimbi zima lajificha chini ya unywele mmoja. Viwimbi hivi ndivyo kasoro ile iliyotajwa juu, iliyowekwa kwa makusudi na kwa kipimo, ili ukuaji wake upate kuhesabiwa tangu mwanzo unaojulikana. Nyuma ya kisahani umepangwa mrija uliojaa povu kavu la kaboni, lenye uzito wa miligramu 50 kwa kila sentimita ya ujazo, yaani sehemu moja ya ishirini ya uzito wa maji. Kisahani ndilo ganda zito la nyota. Povu ndilo ganda jepesi. Uwiano wao ni karibu mara 28.

Sehemu iliyo ya werevu kuliko zote haionekani kwa macho. Ndani ya kisahani, upande wa viwimbi, imechimbwa mfereji wa upana wa mikromita 200, na katika mfereji huo umetiwa ukanda wa plastiki nyingine iliyochanganywa na bromini. Uzito wa ujazo wa plastiki hiyo umelinganishwa na wa poliimidi hata tofauti yao haifiki sehemu moja katika mia, ili wimbi la mshtuko lisijue kama limevuka kutoka kitu kimoja kuingia kingine. Lakini bromini huzizuia eksirei, na poliimidi huziachia kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo picha ya eksirei ipigwapo kwa ubavu huonyesha hasa kivuli cha ukanda wa katikati, na vidole vilivyo mbele na nyuma yake haviichafui picha. Pembeni mwa mrija hubandikwa kipande cha wavu wa dhahabu wenye matundu ya kipimo kijulikanacho. Huo ndio rula ya picha. Mambo yote haya humalizika kwa nanosekunde makumi machache, na baada ya hapo hapana kilichobaki cha kuangaliwa.

Kuhusu kazi ya mikono yenyewe, la kwanza ni kukereza. Kitenzi hiki ni cha maseremala wa pwani, waliokereza matendegu ya vitanda kwa kukizungusha kipande cha mti huku patasi ikikigusa, nacho chafaa hapa bila kubadilishwa hata herufi. Kipande cha shaba, aluminiamu au plastiki huzungushwa katika mashine iliyowekwa juu ya meza nzito isiyotikisika, na ncha ya almasi moja hukigusa na kuondoa maganda membamba kuliko mikromita moja. Uso utokao hapo hung'aa kama kioo bila ya kusuguliwa. Almasi haikerezi kila kitu: ikitumiwa juu ya chuma cha pua au chuma cha kawaida huliwa upesi, kwa kuwa kaboni yake hupenda kuingia katika chuma. Joto la chumba huangaliwa kwa ukali, maana mashine yenyewe hurefuka na kufupika kwa joto, na mtu mmoja akikaa karibu nayo muda mrefu ametosha kuiharibu kazi ya mikromita.

Silinda za dhahabu, kama zile ziwekwazo katikati ya NIF, hufanywa kwa njia ambayo sonara yeyote angeifahamu mara aambiwapo. Hukerezwa kwanza umbo la uwazi wa ndani, kwa shaba au aluminiamu. Umbo hilo huchovywa dhahabu kwa umeme hata likapata unene utakiwao, likakerezwa tena kwa nje, kisha likatiwa katika tindikali ipasayo. Shaba huliwa, dhahabu husalimika, na silinda hubaki tupu ndani, na nakshi yoyote iliyokuwa juu ya shaba imehamia katika ukuta wake. Kalibu imekufa ili kitu kizaliwe. Vipira vya plastiki vilivyo tupu ndani hufanywa kwa mawazo yale yale lakini bila tindikali. Tone la maji huzungukwa na kimiminiko chenye polima, na tone hilo la maradufu huelea katika maji mengine yanayozungushwa polepole. Mvuto wa uso wa kimiminiko hulifanya kuwa duara, kwa uhodari ambao hakuna kerezo liuwezao. Ganda la kwanza likikauka hupakwa plastiki ya aina nyingine kutoka katika gesi iliyowashwa umeme. Halafu hupashwa joto la digrii 300 hivi, na lile ganda la kwanza huvunjika kuwa gesi na kutoka kupitia ukuta wa lile la pili.

Vitando vya metali, vyenye unene wa sehemu ya mikromita, hupatikana kwa kuivukiza metali katika ombwe, ili mvuke wake utue juu ya kioo kilichokwisha kupakwa chumvi au sabuni nyembamba. Kioo huingizwa majini taratibu kwa upande. Chumvi huyeyuka, na metali hubaki ikielea juu ya maji. Fundi huinua kwa pete, kama mpishi aondoavyo utando juu ya uji uliopoa. Neno utando limefaa kwa sababu hii hasa: hutaja kitu chembamba kilichozaliwa juu ya kitu kingine, na chenye kuweza kuondolewa juu yake kwa hadhari. Neno bamba, ambalo baadhi ya waandishi wamelipendekeza, lina uzito wa mabati ndani yake.

Povu ndilo lenye taabu kubwa, katika ufundi na katika lugha. Resosinoli na fomaldehidi huchanganywa katika maji, na baada ya muda mchanganyiko huganda kama jeli. Ndani ya jeli hiyo kuna mifupa ya polima, iliyosukwa kwa nyuzi nyembamba sana, na maji yamejaa katika nafasi zake zote. Kinachotakiwa ni mifupa pasipo maji. Ikiachwa ikauke juani au mezani, haipatikani. Maji yakipungua katika kila kitundu, uso wake uliojipinda huvuta kuta za kitundu kuelekea ndani, na vitundu vikiwa vyembamba mvuto huo huwa mkali kuliko nguvu za kuta. Jeli hunywea na kupasuka, kama embe lililosahauliwa juani. Njia ya kuiepuka ilionyeshwa na Samuel Kistler mwaka 1931. Maji hutolewa kwa kubadilishwa na kimiminiko kingine, na mwishowe na kabonidioksidi iliyoshindiliwa hata ikawa kimiminiko. Chombo hufungwa na kupashwa joto. Ikipita digrii 31, na kanieneo ikiwa juu ya mara 74 hivi ya hewa, kabonidioksidi haiwi tena kimiminiko wala gesi. Mpaka baina ya hali hizo mbili umetoweka. Pasipo mpaka hapana uso, na pasipo uso hapana mvuto. Basi hufunguliwa itoke polepole, na mifupa hubaki imesimama, imejaa hewa. Povu la kaboni hupatikana kwa kulipasha lile povu kavu joto kali mahali pasipo oksijeni, nalo hunywea kwa kiasi fulani, ambacho fundi hana budi kukijua kabla ya kukata umbo lake la kwanza.

Katika Kiswahili povu ni kitu cha kupita: povu la bahari, povu la sabuni, povu la kinywa. Hakuna povu linalokatwa kwa kisu na kuwekwa sandukuni. Kwa hiyo wako waliosema ni afadhali litumiwe sifongo au sponji, ambalo ni yabisi na lina matundu. Lakini sponji hubonyea na kurudi, na kitu hiki hakirudi. Kikibonyezwa kwa kidole kimekwisha. Vile vile jina la sponji laficha asili yake, kwa kuwa linamfanya msikilizaji afikiri kuwa kilikuwa yabisi tangu mwanzo. Makala haya yametumia povu kavu, na sababu yake ni kwamba sifa hiyo moja, kavu, yataja mahali hasa ambapo kazi ni ngumu. Istilahi njema haihitaji kueleza kila kitu. Yatosha ielekeze kidole penye jambo.

Sehemu zote zikiwa tayari huanza kazi ya kuunga, ambayo hufanywa chini ya hadubini, na kwa sehemu kubwa bado hufanywa na mkono wa binadamu ukisaidiwa na vishikio vinavyosogezwa kwa skrubu. Gundi huchukuliwa kwa ncha ya unyuzi mwembamba wa kioo, tone lisiloonekana, na hupelekwa pembeni mwa kiungo. Ikizidi kidogo hujivuta yenyewe katika ufa na kupanda ndani ya povu, ambalo huinywa kama utambi unywavyo mafuta, na hapo povu si la miligramu 50 tena. Ikipungua, kisahani huachana na mrija wakati hewa ikitolewa katika chumba cha leza. Umeme tuli wa nguo hurusha kipande kilichochukua siku kadhaa kukerezwa, na kukitafuta sakafuni ni kazi bure. Mwisho shabaha nzima huwekwa juu ya kikonyo cha kioo au kaboni, chembamba iwezekanavyo ili kisiingie katika picha, lakini kigumu iwezekanavyo ili kisitikisike. Neno kikonyo hapa limeazimwa kutoka katika matunda, na halina kosa.

Kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hulidharau, na ambalo mafundi wake huliona kuwa nusu ya kazi: kupima. Mpigaji wa bunduki akitaka kujua risasi imepiga wapi huenda akaitazama shabaha. Hapa shabaha haipo tena. Lililoandikwa kabla ya pigo ndilo pekee litakalojulikana juu yake milele. Kwa hiyo kila moja hupigwa picha za eksirei, hupimwa viwimbi vyake kwa mwanga unaoingiliana, hupimwa unene na uzito, na huandikiwa karatasi yake. Karatasi hiyo haisemi fundi alitakiwa afanye nini, bali alichokifanya. Ikiwa kimo cha wimbi kilitakiwa kiwe mikromita 2.5 na kimetoka 2.8, shabaha hiyo si lazima itupwe. Mara nyingi itapigwa, na mwenye hesabu ataitia 2.8 katika hesabu zake. Kosa lililopimwa ni maarifa. Kosa ambalo halikupimwa laweza kuonekana katika picha kama ugunduzi, na hilo ndilo waliogopalo wote, maana siku za leza kubwa hugawanywa kwa mashindano, na kundi la chuo kikuu laweza kungoja mwaka mzima kwa ajili ya mapigo machache.

Haya si maneno ya kutisha tu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya NIF yaliyofuata njia ile ile ya kisahani, viwimbi na povu, lakini kwa nishati kubwa zaidi. Yalionyesha kwamba joto kali la wimbi la mshtuko lenyewe, likipenya katika maada, hupunguza ukuaji wa vidole. Tofauti iliyotafutwa ilikuwa baina ya vidole virefu na vidole vifupi. Kama viwimbi vya mwanzo visingalijulikana kimo chake kwa uhakika, vidole vifupi vingaliweza kuwa na sababu nyingine isiyo ya nyota wala ya joto: fundi alikereza kwa upungufu.

Mwaka huo huo watafiti wa vyuo vikuu vya Chicago na Oxford, pamoja na wenzao, walichapisha jaribio la OMEGA la namna nyingine. Visahani viwili vya plastiki vilielekezana, vikapigwa, na mikondo miwili ya plazima ikaja kukutana katikati. Kabla ya kukutana kila mkondo ulipitishwa katika wavu wenye matundu ya mikromita 300, na matundu ya wavu mmoja hayakuelekeana na ya mwenziwe, ili mikondo ivurugane kama maji ya mito miwili. Katika mvurugano huo uga wa sumaku ulikuzwa, jambo ambalo wanafalaki walikuwa wakilidhani kwa muda mrefu kuwa ndilo asili ya nguvu za sumaku zilizo baina ya galaksi. Uga huo ulipigwa picha kwa protoni zilizotoka katika kipira cha kioo chenye kujazwa deuteriamu na heli-3, nacho pia ni shabaha, yenye kupigwa ili iimulike ile nyingine. Hapa neno limeanza kuelemewa: shabaha ya kuchunguzwa na shabaha ya kumulika ni vitu viwili, na mafundi wa lugha nyingine wamekwisha kuvipa majina mbalimbali. Yafaa ile ya pili iitwe kimulizi, kwa mfano wa kimulimuli, ama iachwe bila jina la pekee hata itakapozoeleka. Kulazimisha mapema kumekwisha kutupa maneno mengi yaliyokufa katika orodha.

Mambo yanabadilika tena. Leza kubwa za leo hupiga kwa kadiri ya mapigo machache kwa siku, na fundi ana siku za kuungaunga. Lakini leza mpya, kama ile ya kituo cha ELI Beamlines karibu na Prague, imetengenezwa kwa kusudi la kupiga mara kumi kwa kila sekunde. Mapigo kumi kwa sekunde ni mapigo 36,000 kwa saa moja, na hapana chumba cha mafundi duniani kiwezacho kuunga vitu 36,000 kwa gundi na hadubini, seuze kuviandikia karatasi kimoja kimoja. Kwa hiyo zatafutwa njia nyingine: utepe mrefu unaofunguliwa kama mkanda wa sinema ili kila pigo likute mahali papya, mchirizi mwembamba wa maji au wa gesi iliyogandishwa, ambao hujitengeneza upya wenyewe, au sahani za silikoni zilizochongwa shabaha mamia kwa pamoja, kwa njia zile zile zitumiwazo katika vipande vya kompyuta. Utepe na mchirizi vyafaa kwa majaribio ya kisahani kitupu. Viwimbi vya mikromita mbili na nusu, ukanda wa bromini uliofichwa, na povu la miligramu 50 bado havijapatikana kwa njia hiyo, na sahani za silikoni zimekaribia kwa umbo tu, si kwa povu. Mpaka zitakapopatikana, majaribio ya 1987A yataendelea kungoja meza ya yule anayekereza.